Madogo ya Alhamisi

Kila Alhamisi saa nne na nusu asubuhi, mashine ya kukatia karatasi ilizimwa kwa dakika nne. Haikuwa saa ya chai wala umeme haukukatika. Ilizimwa ili fundi mmoja wa kujalidi vitabu asikie vizuri simu ya mumewe, na katika dakika hizo karakana nzima haikuwa na aliyegonga nyundo. Hata yule dada wa gundi, ambaye umbea alizaliwa nao, alijifanya anahesabu kurasa.

Mume alikuwa vitani, mwezi wa nane sasa. Huko walikokuwa kulikuwa na simu moja tu ya kikosi. Wanajeshi walipanga foleni, kila mtu dakika zake nne, akimaliza anampisha wa nyuma.

Mtu angetarajia kwamba wapenzi wenye dakika nne kwa wiki wataambiana maneno matamu mpaka simu ipate moto. Hawa wawili waliambiana magonjwa.

"Lete madogo," mume alianza hivyo kila wiki.

"Chokea. Jicho la kulia. Imeanza Jumanne."

"Inauma au inawasha?"

"Inawasha. Naikanda kwa kitambaa cha maji moto."

"Usije ukaiminya, Fundi. Nakujua."

"Siiminyi. Na wewe?"

"Ukucha wa mguu unaota kwa ndani. Halafu mbu kaniuma kwenye kope, wenzangu wananicheka tangu jana."

Basi wakaendelea hivyo, ukucha na kope, kope na ukucha, na mwanamke yule akatabasamu peke yake kama aliyesomewa shairi.

Mambo hayo yalianza na ugomvi. Mwezi wa kwanza kila mmoja alimwambia mwenzake "mimi mzima." Mke akaja kusikia kwa mke wa mwanajeshi mwingine kwamba mumewe alilala siku tisa kwa homa. Mume naye akapata habari kwamba mkewe alianguka kwenye ngazi za karakana na mkono ukafungwa plasta. Dakika nne za Alhamisi iliyofuata zote ziliishia kwenye kulaumiana, hadi mume akasema, "Kuanzia leo sitaki kulisikia neno 'mzima.' Nipe madogo. Ukinipa dogo moja la kweli, nitajua hakuna kubwa ulilonificha. Siku utakayosema huna kitu, nitajua kuna jambo."

"Na wewe hivyo hivyo."

"Na mimi hivyo hivyo."

Wiki ile ile mke alimtumia mumewe kijitabu kidogo cha kutosha kiganjani, jalada la kitambaa cha rangi ya udongo, kurasa zimeshonwa kwa uzi uliopakwa nta ili zistahimili mvua. Hakumwambia aandike nini. Alidhani ataandika anwani za wenzake.

Mambo yaliharibika siku mke alipobaki nyumbani kwa sababu ya ile chokea, ambayo katika wiki ya pili ilikuwa imefunga jicho zima. Simu ikamkuta sebuleni, na mama mkwe wake alikuwa pale akikunja nguo. Mama huyo alikuwa mjane, mrefu, mwenye mgongo ulionyooka, na alikuwa anapiga pasi hata vitambaa vya kufutia vumbi. Alikunja nguo zake kimya mpaka simu ilipokatika.

"Mwanangu, ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mwanao, Mama."

"Ahaa. Nikadhani ni muuza duka la dawa."

Mke akacheka. Mama mkwe hakucheka.

"Mwenzio analala kwenye matope. Hajui kesho ataamkia wapi. Wewe unampelekea chokea?"

"Tulikubaliana, Mama. Ananipa yake, nampa yangu."

"Mmekubaliana mambo ya kitoto. Mke wa mwanajeshi anasema 'sote wazima,' basi, anajikaza. Baba yake alipokuwa huko mimi sikumtwika hata chembe ya mzigo. Hata siku moja." Akaweka shati juu ya shati, kingo kwa kingo. "Siku akisimama pale anawaza jicho lako, wakati alitakiwa kuinamisha kichwa, utaniambia nini mimi?"

Neno hilo lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Usiku hakulala vizuri, na wiki nzima akashona rejista za shule akiwa na picha moja kichwani, ya mume aliyesimama wima akiwaza chokea. Alhamisi ilipofika, chokea ilikuwa imepona, lakini sindano ilikuwa imempenya tena chini ya ukucha wa dole gumba la kushoto. Dole lilikuwa limevimba na kuwa jekundu, na lilikuwa linapwita hata akiliweka juu ya meza tu.

Mashine ikazimwa. Simu ikaita.

"Lete madogo."

Akaliangalia lile dole.

"Sina," akasema. "Mimi mzima kabisa."

Alisikia upepo wa kule upande wa pili, na mtu mmoja akisafisha koo.

"Sema tena."

"Mzima kabisa. Sote wazima. Wewe angalia kazi yako, usiwe na wasiwasi na huku."

"Fundi, kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mama yupo?"

"Yupo. Naye mzima."

"Naye mzima," mume akarudia polepole. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo mkewe hakuwahi kuisikia, "Umepata mtu?"

"Jamani, hapana! Hapana, sikiliza—"

Dakika zikawa zimekwisha.

Alhamisi iliyofuata mashine ilizimwa, na simu haikuita. Alhamisi ya tatu ikawa vile vile. Msimamizi, mtu mkavu ambaye hakuwahi kumpa mtu pole hata ya mafua, aliiacha mashine imezimwa dakika kumi na tano badala ya nne, akajifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni pake. Mke alishona, akafumua alichoshona, akashona tena. Kilichomkata maini hakikuwa kimya chenyewe. Alikuwa amempa mumewe neno moja la uongo, na huenda ndilo la mwisho mumewe atakalobaki nalo.

Jumamosi mchana mlango wa nyumba ukagongwa. Mama mkwe akaenda kufungua. Mke alikuwa nyuma yake na ndoo ya maji mkononi.

Mlangoni alisimama mwanajeshi, buti zina vumbi la safari, na mkononi ameshika kijitabu chenye jalada la kitambaa cha rangi ya udongo.

Ndoo ilitua chini yenyewe. Mama mkwe aliutafuta ukuta kwa mkono, akaukosa, akakaa pale pale sakafuni, yeye ambaye hakuwahi kuonekana amekaa mahali pasipofutwa.

Mwanajeshi akamwangalia huyu, akamwangalia yule, kisha akakiangalia kile kitabu mkononi mwake, ndipo akaelewa.

"Yuko hai," akasema haraka. "Samahani. Yuko hai, ana mikono yote na miguu yote. Nilitakiwa nianze na hilo, naona nimekosea. Shikamoo, Mama. Yuko hai."

Ilipita dakika kadhaa kabla ya watu kukaa kwenye viti na maji kunyweka. Mgeni alijitambulisha. Alikuwa tabibu wa kikosi, wenzake wanamwita Bandeji, na amepewa likizo ya siku sita. Kwao ni mbele zaidi, lakini amepitia hapa kwa amri.

"Amri ya mume wangu?" mke akauliza.

"Ya foleni, Shemeji."

"Foleni gani?"

Bandeji akajikuna shingo. "Ile simu yetu spika yake ya sikioni ilikufa zamani. Usipoiweka sauti ya nje husikii kitu. Sasa sisi tunasimama nyuma yake."

Mke akajishika mashavu. "Mnasikia?"

"Kila kitu. Hilo dole gumba lako la kushoto nalijua tangu sindano ilipolidunga mara ya kwanza, miezi kadhaa iliyopita. Goti la kushoto, lile linalolia ukipanda ngazi. Sikio lililoingia maji. Kikohozi cha mwezi wa nne, kile cha ukilala tu."

"Mko wangapi?"

"Ishirini na sita."

Mama mkwe akaweka bilauri mezani, taratibu.

"Mwanzoni tulimcheka," Bandeji akaendelea. "Tulisema huyu anaoa au anatibu? Halafu kuna mmoja wetu tunamwita Mzinga. Mtu mkubwa hivi, hana utani na mtu. Siku moja zamu yake ikafika, akashika simu, akakohoa, akamwambia mkewe, 'Lete madogo.' Mkewe akamwambia ana magaga miguuni yanampasuka hadi anashindwa kuvaa viatu, na hajawahi kumwambia mtu. Mzinga akasimama pale analia, na sisi tukaangalia pembeni. Tangu siku hiyo foleni nzima inauliza. Ukimsikia mtu mkewe ana kwikwi, unajua nyumbani kwake siku hiyo hakuna baya lililotokea, na unalala. Shemeji, usinielewe vibaya, lakini kule watu wanalala kwa sababu ya kwikwi."

Miezi minane mke alidhani wako wawili tu, yeye na mumewe, wamejifungia kwenye dakika zao nne. Kumbe nyuma ya mlango huo walikuwepo watu ishirini na tano zaidi, watu wa bunduki na mabomu, wamesimama kimya kusikiliza kama chokea yake inauma au inawasha.

"Sasa siku ile ukasema mzima kabisa," Bandeji akasema. "Alinipa simu, mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake, na sikupiga. Aliyekuwa nyuma yangu naye hakupiga. Kesho yake mumeo akaomba ruhusa ya siku mbili aje, akanyimwa. Halafu tukahamishwa tukapelekwa mahali ambapo simu haishiki kabisa. Likizo ikaniangukia mimi, na wote wakasema: Bandeji, pita ukamwangalie kwa macho yako. Usiulize. Angalia."

Akafungua kijitabu, akalamba kidole, akatafuta ukurasa.

"Kwa hiyo naomba kuanza na dole gumba la kushoto."

Ungecheka, kama ungekuwepo. Mwanajeshi mwenye vumbi hadi kwenye nyusi ameshika dole gumba la mke wa mwenzake kwa ncha za vidole viwili, analigeuza kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua noti. Uvimbe ulikuwa umepungua lakini ukucha ulikuwa umebaki mweusi.

"Hili ni la lini?"

"La wiki ile ile." Mke akautazama ule ukucha. "Lilikuwepo siku ile. Nilimficha."

Bandeji akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. "Kumbe lilikuwepo," akasema. "Wakisikia lilikuwepo watalala." Akaomba kalamu ya kuandikia, kisha akakumbuka anayo sikioni, akaandika kwenye mstari wa mwisho uliobaki.

Akakagua jicho. Akamwambia apande na kushuka kwenye stuli ili asikie goti. Alipomaliza akampa kile kitabu mkononi. "Ameniambia nikuachie ukisome."

Mke akafungua. Alikijua kila mshono wa kitabu kile, lakini hakujua ndani yake kumeingia nini. Kila ukurasa ulikuwa na Alhamisi yake, mwandiko mdogo wa kubana nafasi. *Sikio la kulia limeingia maji. Nimemwambia alalie upande huo. Usiku nimelala upande huo na mimi.* Ukurasa mwingine: *Kikohozi kikavu, akilala tu. Leo kumekuwa na milio tangu alfajiri. Nimekuwa nahesabu: sasa hivi anakohoa, sasa hivi amenyamaza.* Mwingine: *Mguu ulimkaza usingizini akaamka peke yake. Nilipaswa kuwa pale kuuvuta.*

Pembeni mwa kurasa kulikuwa na miandiko ya watu wengine, mikubwa, iliyopinda. *Shemeji, kwa dole gumba weka kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu.* Chini yake mwingine amebisha: *Siyo chumvi. Asimsikilize huyu.* Na Mzinga, kwa herufi kama za mtoto wa darasa la kwanza: *Mke wangu amepona magaga. Asante.*

Akafika Alhamisi ile. Ukurasa ulikuwa na maneno mawili tu, *Mzima kabisa*, na kalamu ilikuwa imepitishwa juu yake mara nyingi hadi karatasi ikatoboka.

Akalia bila kujificha. Alilia kwa huruma na kwa aibu, lakini zaidi kwa kustaajabu kwamba mwili wake huu wa kawaida, wenye magoti mabovu, umebebwa na watu wengi hivyo katikati ya moto, wala hakuna aliyeuona mzito.

"Na yeye?" Sauti ilitoka kwa mama mkwe. "Mwanangu ana nini?"

"Ukucha umepona, Mama. Ana harara mgongoni. Na jino linamsumbua, gego la juu."

"La kulia?"

"La kulia."

"Lile lilianza akiwa na miaka kumi," mama akasema. "Miezi minane nauliza hajambo, naambiwa hajambo. Sikuwa najua kama bado ana lile jino." Akalainisha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kikunjo. "Baba yake nilimwandikia barua ishirini na mbili. Zote nilisema sote wazima. Wakati mwingine tulikuwa wagonjwa nyumba nzima, naandika sote wazima. Alipokufa, zilirudishwa pamoja na vitu vyake. Tatu za mwisho zilikuwa bado zimefungwa kwa gundi. Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini hakuzifungua."

Bandeji akarudisha kalamu sikioni.

"Alikuwa anajua zinasema nini," akamalizia. Kisha akamgeukia mkwewe, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika nyumba ile mke akamwona mama huyu akitafuta maneno. "Nilikupotosha, mwanangu. Nisamehe."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema. Daktari, andika. Nyonga yangu ya kulia. Nikiamka asubuhi inagoma, nakaa kitandani mpaka ikubali."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu mwezi wa pili."

Mkwe akageuka ghafla. "Mwezi wa pili? Tunalala nyumba moja!"

"Ndiyo nasema sasa."

Bandeji akakichukua kitabu mkononi mwa mke, akakigeuza mbele na nyuma. "Hakuna nafasi, Mama. Kimejaa. Ndiyo sababu nyingine ya kukileta, anaomba kingine. Nitapita Jumatano nikirudi."

"Kurasa ngapi?" mke akauliza, na mara akaogopa swali lake. Ukurasa mmoja ni Alhamisi moja. Akiweka chache atakuwa anadanganya, akiweka nyingi atakuwa anamwombea mumewe miaka ya kukaa huko.

"Nilimuuliza hivyo hivyo," Bandeji akasema. "Akaniambia, Fundi anajua."

Alikishona Jumapili na Jumatatu, dole gumba limefungwa kitambaa, mama mkwe akimtungia uzi kwenye sindano. Kilitoka kinene hadi mama akakipima kwa vidole na kuguna.

"Mwanangu, hiki ni cha miaka ishirini. Unataka vita vya miaka ishirini?"

"Si cha vita peke yake, Mama. Akirudi tutaendelea."

Jumatano Bandeji alikuja kukichukua, akaleta habari kwamba kikosi kimerudishwa mahali simu inaposhika. Alhamisi, saa nne na robo, mama mkwe aliingia karakana akiwa amevaa nguo yake ya kutokea, akapewa kiti karibu na meza ya gundi. Msimamizi akaizima mashine kabla ya wakati. Saa nne na nusu ikafika, ikapita. Saa nne na dakika thelathini na nane simu ikaita, na karakana nzima ikaacha kupumua.

"Lete madogo," ikasema ile sauti, imechoka, ina mikwaruzo ya mbali.

"Dole gumba la kushoto. Sindano. Lilikuwepo hata siku ile, nilikudanganya. Nisamehe."

Upepo ulisikika. "Limevimba kiasi gani?"

"Limepungua. Ukucha utadondoka."

"Asante," mume akasema. "Nilikuuliza swali baya siku ile."

"Nafasi ya mtu mwingine iko wapi? Magoti yangu yenyewe yamejaza nyumba."

Nyuma ya mume kuna mtu aliyecheka, akanyamazishwa.

"Mama yuko hapa," mke akasema. "Ana lake." Akabonyeza sauti ya nje, akaiweka simu kwenye kiganja cha mama mkwe.

Mama akaishika kwa mikono miwili, mgongo umenyooka. "Mwanangu," akaanza, akameza mate. "Nyonga. Ya kulia. Asubuhi haitaki kuamka."

Kabla mume hajajibu, kutoka nyuma yake zikaja sauti nene za wanaume, nyingi, zote kwa pamoja.

"Pole, Mama."

Yule dada wa gundi alifunika mdomo. Msimamizi alivua miwani. Mama alikaa pale na simu mikononi, machozi yanamtiririka bila kuyafuta, na alipopata sauti, hakumwuliza mwanawe peke yake.

"Asanteni, wanangu," akasema. "Na ninyi mna nini? Semeni mmoja mmoja, nasikiliza."